Kituo cha kulelea watoto cha kijiji: wazazi wamebeba upande wao, halmashauri bado inadaiwa

Kituo tunachokipima hapa kipo kwenye kijiji kikubwa kando ya barabara kuu kati ya Mbeya na Iringa. Ni mahali ambapo ukibisha hodi saa 12 asubuhi unakuta akina mama wengi wameshaondoka: hawa wapo kwenye viazi, wale kwenye parachichi, wengine stendi wanawasha majiko ya chapati. Jina la kijiji tumeliacha kwa makusudi, maana upungufu tunaoutaja humu utaukuta vijiji vingi vya Nyanda za Juu Kusini.

Kinapokea watoto 42 wa miaka 2 hadi 4, Jumatatu hadi Ijumaa, saa 1 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Mzazi analipa Sh. 15,000 kwa mwezi kwa kila mtoto, na baada ya mavuno analeta debe moja la mahindi na kilo 3 za maharage. Hakuna mwenye mali anayechukua faida. Eneo limetolewa na mkutano mkuu wa kijiji, kituo kinaendeshwa na kamati ya wazazi, na usimamizi wa kisheria uko serikalini, kwa ustawi wa jamii, chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009.

Tuseme mapema tunachofikiri. Mtoto wa miaka 3 au 4, mpeleke bila wasiwasi. Wa miaka 2, subiri kidogo, au mpeleke kwa makubaliano maalumu na mlezi. Walezi ni watatu, yaani kila mmoja ana watoto 14. Mlezi mmoja anaweza kuwakusanya watoto 14 wa miaka minne wakae wakicheza na vizibo na mabunzi, lakini wa miaka miwili 14 hawezi kuwabadilisha nguo, kuwalisha na kuwaangalia wasianguke kwa wakati mmoja. Hilo ni suala la mikono kutotosha. Walezi wenyewe wana moyo, na watoto wanawapenda.

Jengo limepatikana kwa njia inayojulikana. Wananchi walifyatua na kuchoma matofali, wakachimba msingi na kupandisha kuta hadi lenta. Halmashauri ikaleta bati, mbao na saruji ya sakafu. Utaratibu huu ni mzuri pale kila upande unapotimiza kwa wakati. Kinachoua majengo ya namna hii ni kusubiri: tofali la kuchoma lililojengwa kwa udongo likipigwa na mvua za Januari hadi Aprili bila paa huanza kumomonyoka kwenye maungio, na ukuta wa juu unapaswa kubomolewa na kujengwa upya. Hapa boma lilipata bati kabla ya mvua kwa sababu kamati ilifuatilia kwa barua, kila barua ikiwa na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Faili lipo, na mzazi yeyote anaruhusiwa kulisoma. Ndani yake tumeona pia muhtasari wa mkutano mkuu unaosema eneo ni la kituo cha watoto, na vipimo vyake vimeandikwa kwa hatua. Karatasi hiyo ni ya thamani kuliko bati. Bila muhtasari, uongozi unaofuata unaweza kuligeuza eneo likawa ghala au kibanda cha mikutano, na wazazi wakose pa kusimamia.

Sasa fedha, maana humo ndimo huduma inaposimama au kuanguka.

Watoto 42 mara Sh. 15,000 ni Sh. 630,000 kwa mwezi. Walezi watatu wanapata Sh. 120,000 kila mmoja, mpishi Sh. 80,000. Jumla ya malipo yao ni Sh. 440,000. Zinabaki Sh. 190,000 kwa unga, karanga, maziwa, sukari, mkaa, sabuni na matengenezo. Ukizigawa kwa siku 22 za kazi unapata kama Sh. 8,600 kwa siku, yaani Sh. 205 kwa mtoto. Hapo uji unatosha. Chakula cha mchana hakitoshi, ndiyo maana kuna debe la mahindi.

Hesabu hiyo inakwenda sawa kama wote wamelipa. Wazazi 10 wakichelewa, mapato yanashuka hadi Sh. 480,000, na baada ya malipo ya watumishi zinabaki Sh. 40,000 kwa mwezi mzima. Hakuna uji unaopikwa kwa Sh. 1,800 kwa siku kwa watoto 42. Kwa hiyo kinachotokea, na kimetokea hapa kama kinavyotokea kwingine, ni mlezi kuambiwa avumilie. Mlezi anavumilia mwezi wa kwanza, mwezi wa pili anatafuta kibarua cha kuvuna viazi, mwezi wa tatu watoto wana sura mpya mbele yao, na wadogo wanaanza kulia upya kila asubuhi kama siku ya kwanza. Mzazi anayedhani kuchelewesha mchango ni kuikopa kamati, ajue anamkopa yule mama anayembeba mwanawe.

Kamati imefanya jambo moja linalostahili kuigwa. Ndani ya mlango wa kuingilia kuna karatasi ya mapato na matumizi, inabadilishwa kila mwisho wa mwezi. Haina maneno makubwa. Ina safu nne: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, salio. Chini yake zimewekwa saini tatu: mwenyekiti wa kamati, mtunza hazina na mtendaji wa kijiji. Stakabadhi zimebanwa kwa waya pembeni, na ukitaka kujua mkaa wa gunia ulinunuliwa kwa nani, unafunua. Mzazi anayesubiri mtoto avae viatu anaisoma akiwa amesimama. Tumeona karatasi ambayo mzazi aliandika kwa kalamu nyekundu "sabuni miche 6 au 3?" na mwezi uliofuata jibu likaandikwa pembeni kwamba ni 3, na fedha zilizozidi zilirudishwa, stakabadhi ya kurudishia ikiwa imebanwa hapo hapo. Uwajibikaji ni huo: swali likiulizwa hadharani, linajibiwa hadharani.

Kasoro ya fedha iliyobaki ni ya simu. Michango mingi inatumwa kwenye namba binafsi ya mtunza hazina. Hatumshuku, ila namba binafsi ikipotea, ikifungwa au mwenyewe akifariki, fedha za watoto zinaingia kwenye mirathi. Kikundi kikiwa na katiba na usajili kinaweza kuomba lipa namba kwa jina la kikundi na kufungua akaunti ya benki yenye watia saini watatu, wawili wakitosha kutoa fedha. Jambo hili lifanyike kabla ya mavuno yajayo.

Chakula tunakipa alama ya juu, lakini kuna mahali panahitaji kurekebishwa haraka.

Uji unatolewa saa 4. Kwa watoto 42, kila mmoja kikombe cha mililita 250, mpishi anapika lita 10 na nusu. Anatumia unga kilo moja na nusu wa ulezi au dona, nafaka moja kwa siku, kisha anaongeza karanga zilizosagwa kama gramu 400 na maziwa lita 2 dakika za mwisho. Tunapongeza hapo. Unga wa kuchanganya nafaka, soya, karanga na dagaa mbichi vyote kwenye mfuko mmoja bado unauzwa kila soko kwa jina la unga wa lishe, na wataalamu wa lishe wamekuwa wakiwaambia wazazi wauache. Kila kimoja kina muda wake wa kuiva, mafuta ya karanga yanachacha ndani ya mfuko, na punje moja ya karanga yenye sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, inaharibu vyote. Kosa la mpishi ni moja: asubuhi za haraka uji unakuwa mwepesi mno. Ukichota kwa upawa na kuumimina, utelemke mzito kama asali. Ukitiririka kama maji, mtoto anashiba tumbo tu.

Msimu wa parachichi, yale yaliyokataliwa na wanunuzi kwa sababu ya umbo au alama za ganda yanaletwa kituoni kwa ndoo, na nusu tunda inapondwa kwenye sahani ya kila mtoto. Hakuna anayeyalipia. Ni mafuta mazuri kabisa kwa mtoto, na vijiji vinavyolima parachichi havina sababu ya kuyaacha yaoze shambani.

Ugali na maharage unaliwa saa 7. Hebu tupige hesabu ya debe. Madebe 42 ya kama kilo 18 ni kilo 756. Kila mtoto akipata gramu 100 za unga, kituo kinatumia kilo 4.2 kwa siku, karibu kilo 92 kwa mwezi. Mahindi yanakaa miezi 8. Maharage ni hadithi nyingine. Kilo 3 mara 42 ni kilo 126, na kwa gramu 30 kwa mtoto yanakwisha baada ya siku 100 za masomo, miezi minne na nusu. Yakianza kuliwa Julai, hayafiki Krismasi. Kuanzia hapo hadi mavuno ya masika watoto wanakula ugali na majani peke yake, tena kipindi ambacho hata nyumbani akiba imepungua. Kamati ipandishe maharage kuwa kilo 6 na yatafika miezi 9. Mzazi anayelima hapa ataona ni rahisi kuliko kuongeza shilingi.

Hili si la kupuuza katika ukanda huu unaolisha nchi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake, kwa watoto chini ya miaka 5 Iringa ni asilimia 56.9 na Njombe asilimia 50.4, wakati wastani wa taifa ni asilimia 30. Mahindi yapo. Kinachokosekana kwenye sahani ni kile kinachokaa pembeni ya ugali, pamoja na muda wa mtu wa kumlisha mtoto taratibu mara kadhaa kwa siku.

Mapokezi ya mahindi nayo yaangaliwe. Madebe yanatoka nyumba 42, yamekaushwa kwa namna 42, na debe moja bichi likimwagwa kati ya yaliyokauka linaleta ukungu kwenye gunia zima. Kipimo ni rahisi. Chukua chupa kavu yenye mfuniko, tia mahindi hadi robo, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, tikisa dakika mbili, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu, yarudi kwenye turubai juani. Ikianguka chini, yapokelewe. Punje zilizovunjika, zenye rangi ya kijani au nyeusi zichambuliwe hapo hapo mlangoni, mwenye debe akiona. Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta. Kituo kina chupa na kina chaga, ila mapokezi yaliyofanyika jioni bila mtu wa kupima yaliingiza madebe mabichi, na gunia mbili zilitupwa. Siku ya mapokezi iwe moja, mchana, na wawepo watu wawili.

Kunawa mikono ni kwa kibuyu chirizi, dumu la lita 5 linaloinamishwa kwa kukanyaga kijiti. Kipo cha watoto, mdomo wake uko kama sentimita 55 kutoka ardhini, na hata wa miaka 2 anafika. Tundu limetobolewa kwa msumari mwembamba wa moto, kwa hiyo maji hayaishi haraka. Sabuni imening'inizwa ndani ya soksi ya nailoni, haianguki kwenye tope. Choo kina tundu dogo la watoto lisilozidi sentimita 15, maana mtoto akiliogopa shimo la wakubwa anajisaidia nyuma ya jengo.

Kuanzia Juni hadi Agosti asubuhi za huku ni kali, na sakafu ya saruji inakula joto la mtoto aliyekaa. Wameweka magunia chini, mkeka juu, na wanawalaza wadogo kwenye sponji. Jiko la mkaa haliingizwi chumbani hata dakika moja, na sheria hiyo imeandikwa ukutani kwa herufi kubwa. Hewa ya mkaa haina harufu na inaua watu waliolala. Mzazi akiona kituo chochote kinawapasha watoto joto kwa jiko la mkaa milango ikiwa imefungwa, amtoe mwanawe siku hiyo hiyo.

Tuje upande wa serikali. Sera ipo na imeandikwa vizuri. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ile watu wanaiita MMMAM, ilizinduliwa Desemba 2021, na imetaja mambo matano kwa pamoja: afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, ulinzi na usalama. Kwenye kituo hiki serikali ya kijiji inaonekana. Mtendaji anatia saini hesabu, na taarifa ya kituo inasomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji ambao kwa taratibu hukaa kila baada ya miezi 3. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anakuja kila mwezi na utepe wa kupima mkono: chini ya sentimita 12.5 mtoto anafuatiliwa, chini ya 11.5 anapelekwa kituo cha afya siku hiyo. Matone ya vitamini A na dawa za minyoo, Juni na Desemba, yanatolewa hapo hapo. Lakini utepe unaonyesha ukondefu, hauonyeshi udumavu. Udumavu unajulikana kwa kulinganisha urefu na umri, na ubao wa kupimia urefu kituoni haupo. Wanaomba kuletewa, na ombi ni la haki.

Ngazi ya halmashauri ndiko deni liliko. Kitabu cha wageni kina saini chache za ustawi wa jamii, na hakuna hata ukurasa mmoja wa maelekezo yaliyoachwa kwa maandishi. Mkaguzi akija, akanywa chai na kuondoka bila kuandika, wazazi hawana cha kufuatilia na yeye hana cha kuulizwa safari ijayo. Ukaguzi uwe na karatasi: kilichoonekana, kinachotakiwa, nani afanye, lini. Nakala moja ibandikwe mlangoni kando ya hesabu, ili ofisi nayo isomwe kama kamati inavyosomwa.

Kuhusu fedha za umma, halmashauri zilielekezwa kutenga angalau Sh. 1,000 kwa kila mtoto chini ya miaka 5 kwa mwaka kwa shughuli za lishe. Kwa watoto wa kituo hiki ni Sh. 42,000 kwa mwaka, kiasi ambacho kwa matumizi yao hakifiki siku 5. Tunaitaja hesabu hii kwa sababu kuna viongozi wanaosimama mikutanoni na kusema wazazi wa vituo vya jamii wasitegemee serikali. Wazazi hawa wamejenga kuta, wanalipa, wanaleta chakula, wanakagua vitabu. Jimbo la Quebec, Kanada, lina vituo visivyo vya faida ambavyo bodi zake angalau theluthi mbili ni wazazi, mfumo uliowekwa mwaka 1997, na huko serikali ndiyo inabeba sehemu kubwa ya gharama. Wazazi wetu wamepewa vyote viwili, uamuzi na gharama. Ombi la kuanzia liwe dogo na la wazi: halmashauri ilipe walezi wawili kati ya watatu, na diwani alibebe ombi hilo kutoka kamati ya maendeleo ya kata hadi kwenye bajeti. Hapo Sh. 240,000 zinazobaki kituoni zinatosha kuajiri mlezi wa nne na wa tano, na mtoto wa miaka 2 anapata mahali.

Ulinzi umepangwa vizuri, isipokuwa jambo moja. Daftari la mapokezi linaandika aliyemleta mtoto, saa, na majina ya watu wawili tu wanaoruhusiwa kumchukua. Kaka wa miaka 8 haruhusiwi. Namba 116, simu ya bure ya kusaidia watoto, imeandikwa ukutani kwa urefu ambao mtu mzima anaiona. Jambo lenyewe ni katiba ya kituo: inasema malalamiko "yaanzie kwenye kamati". Kwa uji mwepesi au deni, sawa. Kwa mtoto aliyepigwa au kuguswa vibaya, hapana. Hayo yanaenda moja kwa moja kwa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na kamati haina mamlaka ya kuyasuluhisha kifamilia. Kifungu hicho kirekebishwe kwenye mkutano ujao.

Ukienda kuandikisha, beba kadi ya kliniki na cheti cha kuzaliwa. Kama cheti huna, cha mtoto chini ya miaka 5 kinatolewa bila malipo kwenye kituo cha afya kinachotoa huduma hiyo au ofisi ya kata. Beba pia nguo mbili za kubadilisha, sweta na kikombe chenye jina. Mwaka anaotimiza miaka 5 mtoto anatoka hapa kwenda darasa la awali la shule ya msingi, ambalo ada yake ilifutwa tangu Januari 2016, kwa hiyo nafasi zinafunguka kila Januari na zinajaa upesi. Usiende kuangalia kituo siku ya mgeni rasmi. Nenda siku ya kawaida, saa 4 asubuhi, angalia uji unavyomiminika kutoka kwenye upawa, kisha geuka usome tarehe iliyoandikwa kwenye karatasi ya mlangoni.